Jina Langu Ndani ya Laptop Kuukuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mswaki. Nilikuwa nimevaa blauzi nyeupe ya kanisa, kichwa kimejaa ndoto za kufungua kompyuta na kuokoa watu, na Fundi Mkuu akanipa mswaki wa zamani akasema, "Binti, anza na vumbi." Siku nzima nikasugua feni za laptop, yale mapanga madogo yanayopoza mashine isichemke. Kufikia jioni blauzi ilikuwa rangi moja na barabara ya vumbi ya Kipsongo wakati wa kiangazi. Nilienda nyumbani nikiimba.

Watu hucheka nikisema nimestaafu, maana sijafika hata miaka thelathini. Lakini miaka minane kwenye meza ya fundi ni miaka minane, na nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mnaniuliza ilikuwaje. Basi nitawaambia, hasa juu ya ile shida iliyonikalisha macho kuliko zote: kwa nini laptop ya zamani inakataa kushika wifi.

Duka letu la Kitale lilikuwa chumba kimoja karibu na msikiti. Fundi Mkuu alikuwa mzee wa hapo hapo mjini, kofia safi, miwani mbili: moja machoni, nyingine imepumzika juu ya kofia, na kila siku alitafuta ile ya juu. Hakupenda kuona mtu akikimbilia bisibisi. "Bisibisi ni ya mwisho," alisema. "Kwanza uliza. Mashine haina mdomo, mwenye mashine anao."

Maswali yake yalikuwa machache. Simu yako inashika wifi hiyo hiyo? Kama simu inashika na laptop haishiki, basi usiilaumu rauta, kile kisanduku chenye taa kinacholeta net nyumbani. Laptop inashika ukiwa wapi, na inakataa ukiwa wapi? Na ni saa ngapi? Hilo la saa wateja walilishangaa. "Saa ngapi tena? Kwani ni malaria?"

Baada ya maswali ndipo mkono ulianza kazi. Laptop za zamani zina swichi ndogo ya wifi pembeni, na mtu anaweza kuisukuma bila kujua akitoa mashine kwa mfuko. Siku moja mwalimu mmoja alitoka Kachibora na laptop yake ndani ya gunia la mahindi, uso umeanguka, anasema imekufa. Fundi Mkuu akaisukuma ile swichi kwa ukucha. Taa ikawaka. Mwalimu akashika kichwa.

"Na vile nimeshaambia watoto wa shule wote imekufa!"

"Waambie imefufuka," Fundi Mkuu akasema, na akarudi kutafuta miwani.

Kama si swichi, tuliangalia tarehe. Ndani ya laptop kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, na ikiisha nguvu mashine inajiona iko miaka ya nyuma, halafu kurasa za mtandao zinaikataa hata kama wifi imeshika vizuri. Halafu tuliiambia laptop isahau ule mtandao, tukaingiza neno la siri upya. Halafu draiva, ile programu inayofundisha laptop kuongea na kadi yake ya wifi. Ikishindikana yote, ndio sasa bisibisi.

Nilipoona kadi ya wifi mara ya kwanza nilishangaa sana. Ni ndogo kama nusu biskuti. Waya mbili nyembamba, mmoja mweusi na mmoja mweupe, zinatoka pale na kupanda hadi ndani ya kifuniko, kando ya skrini. Hayo ndiyo masikio ya laptop. Vichwa vya waya hizo ni vya rangi ya dhahabu, vidogo kama mbegu ya sukuma wiki, na ukibonyeza kimoja mahali pake unasikia "tik". Niliuliza mawimbi yanaingiaje kwenye waya, yanajuaje njia, na mbona hayagongani na ya jirani. Fundi Mkuu akapangusa miwani. "Binti, mimi ni fundi. Hayo nenda ukasome, uje unieleze."

Alikuwa na sheria moja ambayo sijaiona kwa duka lingine. Kila fundi akimaliza, kabla hajafunga mashine, alikata kipande cha tepu ya karatasi, akaandika jina lake na mji, akakibandika ndani.

"Lakini ndani mteja hataona," nilimwambia.

"Si ya mteja. Ni ya fundi mwenzako. Akikuta kazi nzuri, akusifu. Akikuta mbaya, ajue mlango wa kugonga."

Nilipenda sana ile karatasi. Mimi, Rose Nanjala, mtoto wa kuishia kidato cha nne, na jina langu linatembea dunia nzima ndani ya laptop za watu! Niliandika R. Nanjala, Kitale, kwa mwandiko wangu wa maua maua.

Mwaka wa tano nikahamishiwa duka letu jingine, la Bungoma. Huko mkubwa wangu alikuwa Madam Meneja, mama wa mbio na sauti ya soko, l zake mara nyingi zikitoka r, na moyo mwema ukimzoea. Aliniambia siku ya kwanza, "Nanjala, hapa hatuna nafasi ya maswari mengi. Mtu anataka raptop yake aende." Basi nikawa nauliza haraka haraka.

Ndio akaja Mama Nekesa kutoka Webuye. Bwanake alikuwa amefanya kazi kiwanda cha karatasi zamani, na yeye mwenyewe alikuwa anasaidia darasa la chekechea mwaka wa kumi na moja sasa, bila cheti. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi kwamba muhula ujao asiye na cheti haingii darasani. Kwa hivyo alikuwa anasomea chuo cha mtandaoni, kwa laptop aliyonunua mkono wa pili. Mtihani wa mwisho unafanywa kwa laptop, kamera ikikuangalia, uwe peke yako chumbani; cyber, duka la kompyuta za kukodi, hairuhusiwi. Mara ya kwanza net ilikatika katikati na mtihani ukajifunga. Chuo kilimpa nafasi moja tu ya kurudia. Ijumaa, saa nane mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nikawasha laptop pale dukani. Ilishika wifi mara moja, ikafungua kila kitu. Swichi sawa, tarehe sawa, draiva sawa.

"Mama, iko sawa," Madam Meneja akamwambia. "Nenda nayo."

Jumatano akarudi nayo, imefungwa kwa leso. Hakukasirika. Alikaa tu kwenye benchi, mikono juu ya laptop kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Inakataa saa ngapi, mama?" nikamuuliza.

"Mchana. Mvua ikinyesha."

Duka lote likapata jibu. "Ah, ni mvua, bana! Si mvua hukula net?" Hata mteja aliyekuja kuchapisha barua akakubali. Lakini mimi kitu kikanikwaruza. Simu yake je, mvua ikinyesha? Mama Nekesa akafikiri. "Simu haisumbui, na ni wifi hiyo hiyo."

Basi kwa nini mvua isumbue laptop na iache simu? Sikulala vizuri kwa hamu ya kujua. Nikamwomba Madam Meneja nusu siku ya Alhamisi. Akaguna, akasema, "Nenda, lakini urudi na jibu. Usiniretee hadithi."

Nyumba ya Mama Nekesa ni ya mabati, imepangwa vizuri, picha za watoto wa chekechea zimebandikwa ukutani. Rauta haikuwa kwake, ilikuwa kwa nyumba ya shemeji yake, ng'ambo ya uwanja. Tulikaa mezani. Saa sita, jua kali, mlango wazi, net iko. Saa saba, iko. Mawingu yakashuka kutoka upande wa mlima, na matone ya kwanza yakagonga paa.

"Sasa utaona," akasema.

Akasimama, akafunga mlango wa chuma, akafunga dirisha la chuma, akarudi kukaa. Alama ya wifi ikapungua, ikapungua, ikazima.

"Umeona? Mvua!"

Lakini sikuwa naangalia mvua. Nilikuwa naangalia mlango. "Mama, hebu nifungue kidogo."

"Mtoto wangu, tutalowa!"

Nikafungua. Mvua ikaingia mpaka kwenye kapeti, na net ikarudi. Nikafunga, ikaenda. Nikafungua tena, ikarudi. Nilicheka kwa furaha kama mtoto. Haikuwa mvua! Chuma cha mlango ndicho kilikuwa kinapunguza mawimbi, na yeye alifunga mlango pale tu mvua ilipokuja. Lakini simu yangu, pale pale, kwenye wifi hiyo hiyo, mlango umefungwa, ilikuwa imeshika vizuri. Kwa hivyo mawimbi yalikuwa yanaingia, machache, na simu iliyasikia. Laptop ndiyo ilikuwa haisikii vizuri. Dukani ilishika kwa sababu rauta ilikuwa karibu nayo kama pua na mdomo.

Sasa bisibisi. Nikatandika leso mezani, nikageuza laptop, nikatoa skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kisahani. Nikainua kifuniko cha chini.

Waya mweupe ulikuwa mahali pake. Mweusi haukuwepo. Kichwa chake kilikuwa kimelala pembeni, hakijaungwa na chochote, kimefunikwa na kipande cha tepu ya karatasi. Juu ya tepu, kwa mwandiko wa maua maua: R. Nanjala, Kitale.

Nikakumbuka. Mwaka wangu wa pili, laptop ya kubadilishwa skrini, wateja wamejaa, Fundi Mkuu ameenda kuswali, na mimi nataka akirudi aikute imekwisha anisifu. Nilitoa waya zote mbili na kurudisha mmoja. Halafu nikabandika jina langu juu ya ule mwingine, kwa maringo.

Nawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Ilikuwa rahisi. Nibonyeze, tik, nifunge, nishukuriwe, labda nipewe hata chai. Mama Nekesa alikuwa amesimama nyuma yangu, hajui kusoma waya, lakini jina anajua kusoma.

"Hii ni nini imeandikwa?"

"Ni jina langu, mama."

"Jina lako limefikaje kwangu?"

Nikamweleza yote. Waya, tepu, maringo. Sauti ilikuwa inanitoka kidogo kidogo, na mvua juu ya mabati ilikuwa inataka kuifunika, kwa hivyo ilibidi nirudie lile neno gumu kwa nguvu: "Ni mimi niliyesahau!"

Alivuta kiti. Akaketi. "Kwa hivyo ile siku mtihani ulijifunga na nikalia hapa peke yangu, ni wewe?"

"Ni mimi."

Aliangalia zile picha za watoto ukutani. Halafu akasema kwa sauti ya mwalimu, ile anayotumia kwa watoto wa miaka minne, "Basi bonyeza hiyo kitu yako. Na kesho saa nane uwe hapo nje ya mlango wangu mpaka nimalize."

Nikabonyeza. Tik. Tukafunga mlango na dirisha, na mvua ikinyesha kwa nguvu, net ikakaa.

Ijumaa nilifika saa saba na nusu. Madam Meneja aliniruhusu baada ya kunigombeza vizuri ("Kwani razima ungesema? Si ungefunga tu?") halafu akanisukumia mwavuli wake mwenyewe. Nikakaa kwenye stuli chini ya upenu. Saa nane na dakika chache mvua ikaanza, na nikasikia komeo la chuma likifungwa kwa ndani. Kwa saa mbili nzima sikujua chochote. Nilihesabu matone kwenye ndoo. Niliangalia ule mlango na kuyafikiria mawimbi yakivuka uwanja katikati ya mvua, yanajipenyeza kwenye mianya, yanatafuta waya mweusi. Nilitamani kuyaona kwa macho.

Mlango ukafunguka. Mama Nekesa alikuwa amejifunga leso kichwani, uso umechoka.

"Haikukatika hata mara moja," akasema. Halafu, "Mbona umelowa hivyo na una mwavuli?"

Nilikuwa nimeushika bila kuufungua.

Alipita mtihani. Muhula uliofuata aliingia darasani na cheti, na mpaka leo watoto wa Webuye wanajifunza kuhesabu vidole kwake. Nilimpigia Fundi Mkuu siku hiyo hiyo kumwambia. Nilidhani atanikemea. Akasema, "Kwa hivyo uligonga mlango na ukajifungulia mwenyewe," akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanisomea kwa simu daftari la kazi la ule mwezi wa kosa langu, jina kwa jina, na tukawaita wote niliowafungulia laptop siku zile za haraka. Wengine walikuwa sawa. Wawili hawakuwa.

Nimeacha kazi mwezi uliopita, kwa sababu nimepata nafasi ya kusoma mambo ya minara na mawimbi. Bado Fundi Mkuu ananidai yale majibu ya mawimbi, na mimi ndiye nimpelekee. Yeye sasa anakaa nyumbani, na miwani bado ziko mbili. Mikono yangu inakumbuka bisibisi, na nikipita duka lolote nasimama kidogo kuangalia feni.

Kwa hivyo, mdogo wangu, kama uko Kitale ama Bungoma ama popote laptop hizo zimefika, na umefungua moja kuukuu ukakuta tepu ya karatasi yenye mwandiko wa maua maua, usicheke. Inua hiyo tepu polepole, uangalie waya mweusi. Kama uko mahali pake, nifurahie. Kama haupo, ubonyeze mpaka usikie tik, umwambie mwenye laptop ni Nanjala aliyesahau, halafu uandike jina lako chini ya langu.