Sifa Nilizommwagia Kapteni

Wacha niungame: kitabu cha Kapteni sikukisoma. Na mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha wasomaji hapa Ngoingwa, tena ndiye niliyemwalika. Kapteni ni mzee wa Mugutha aliyerusha helikopta vitani akibeba majeruhi, kisha akayaandika aliyoyaona. Nilinunua nakala yangu mapema, nikaiweka juu ya friji, ikakaa huko.

Jumamosi alipokuja, Mama Njeri alisimama akasema kaka yake alikuwa mwanajeshi na hakurudi, na kitabu kile kilimfanya amlilie upya. Kapteni akavua miwani, akapangusa macho. Kisha zamu yangu ikafika.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekariri maneno ya jalada la nyuma, kwa hivyo nikayatoa kwa sauti ya mahubiri: ujasiri, upweke wa angani, wenzake walioachwa. Watu wakaitikia kwa vichwa. Hapo ningenyamaza, lakini utamu ulikuwa umenikolea.

"Kapteni, nimekisoma mara mbili," nikasema. "Ile sura ya mwisho ilinimaliza kabisa."

Makofi yakapigwa. Mzee akachomoa kalamu. "Mama Kamau, leta chako. Nataka nikuwekee sahihi kwa hiyo sura ya mwisho."

Nikakitoa kwa mkoba bila hata kukitazama, macho yangu yakiwa kwa mashabiki. Kapteni akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Kisha akauliza kwa upole, "Kuna mtu ako na wembe? Hiki bado kimefungwa na nailoni ya dukani."