Aliyeitika Nyamwage

Kuna mchana mmoja wa Ramadhani ambao haujaniacha mpaka leo, mwanangu. Shule yangu ndogo, sijui kama nitauandika sawasawa.

Nilikuwa fundi mgeni pale Kibiti, enzi zile ofisi zikiunganishwa kwa frame relay, njia ya data ya kukodi kwa kampuni ya simu. Zahanati ya Nyamwage ilikuwa na nesi mmoja tu, Somoe, na kila asubuhi kompyuta yake ilituletea taarifa. Siku hiyo haikuja. Simu yake iliita, haikupokelewa.

Nikaangalia ruta, kisanduku chetu cha kupitishia mawasiliano. Taa zote kijani. Nikamwambia Mzee Mketo, mkuu wangu wa kazi, "Laini nzima. Huyo kalala tu, swaumu imemkaba."

"Nani kakwambia nzima?"

"Ruta, mzee. Inasalimia, inajibiwa."

"Inajibiwa na nani?"

Hapo nikakumbuka: ruta ya namna ile haikuwa ikisalimiana na mwenzake wa mbali. Ilisalimiana na swichi, mtambo wa kampuni ulio njiani, nao huitika hata kama kule mwisho kumekufa. Nikatuma vifurushi vya data vya majaribio mpaka Nyamwage, hakuna kilichorudi. Nikaanza kuchezea mipangilio yetu.

Mzee akanishika mkono. "Acha, utaharibu kizima! Soma hali ya njia yenyewe."

Nikasoma. Upande wetu mzima, upande wa pili hauitiki. Na taa zinaendelea kuwaka, tulivu kabisa, kama hazijasikia.

Tukaondoka na gari. Nyamwage tukakuta wagonjwa wamejaa barazani, wamekaa kimya kama watu wa kwenye picha. Mlango umeegeshwa. Mzee akapiga hodi.

"Karibuni!" Sauti ya mwanamke, nyororo.

Hakuna mgonjwa aliyegeuka. Nami nikatafuta pa kukaa. Mzee akabisha tena, sauti ikaitika vilevile, lakini haikutoka ndani. Ilitoka nyuma ya ua wa makuti.

"Bibi, wewe ndiye mwenyeji?"

"Mie jirani, baba. Tangu asubuhi watu wanabisha, nawakaribisha. Ati mtu aachwe mlangoni kama mbwa? Mwenyewe atatoka."

Mzee akasukuma mlango. Somoe alikuwa chini, amelalia waya wa ruta aliouchomoa wakati anaanguka. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na alifunga, sukari ikamshuka. Midomo imepauka, pumzi ya mbali. Tukampaka asali kwenye fizi, tukambeba mpaka hospitali.

Alipoweza kusema, maneno yake yalinitia baridi kuliko yote niliyoyaona. "Kila hodi niliisikia. Nikasikia na mtu anawakaribisha. Nikajua mnaingia."

Simlaumu bibi yule, aliitika kwa wema. Wala taa hazikusema uongo. Mimi ndiye niliyeziuliza swali dogo. Labda na wewe ungefanya hivyo hivyo, sijui.

Lakini mwanangu, ukijibiwa, uliza aliyekujibu ni nani. Iwe ni mtambo, iwe ni mama yako unayempigia simu, anapokea mwingine na kukwambia hajambo: omba usikie sauti yake mwenyewe. Usipoisikia, nyanyuka uende.

Mola akujaalie watu wasiotosheka na karibu ya jirani, siku utakayokuwa ndani huna sauti. Na wewe akufanye mmoja wao.