Siku Masika Alipopika Maji

Mjukuu wangu, kuna siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo: siku ambayo rafiki yangu Masika alipika maji matupu huko Kipese, akayaonja, akasema bado chumvi kidogo. Weka huo mfuko chini, kaa hapa karibu na jiko, nikueleze. Najua umekasirika. Umesema kesho hutaenda kambini Butembo na rafiki yako Plamedi kwa sababu alikucheka mbele ya darasa zima, na kwamba heri uende peke yako ukapate marafiki wapya. Sikiliza kwanza.

Tulikuwa wasichana wa umri wako, majirani kule Butembo, kabla sijaolewa huku Mulekera. Likizo kubwa ilipofika, kanisa letu lilitupeleka kambini Kipese, kule juu milimani ambako baridi inakuuma hata jua likiwaka. Kambi haikuwa na jiko moja la wote. Watoto walikwenda wawili wawili, kila wawili na mafiga yao, wakajipikia. Basi mama zetu waligawa mizigo. Maharagi na unga viliingia katika mfuko wangu. Sufuria na mwiko vikaingia katika mfuko wa Masika. Blanketi kwake, mkeka kwangu. Hata sabuni ilikuwa kwangu na beseni kwake.

Tulisafiri kwa lori lililokuwa linakwenda kuchukua kabichi. Mimi nilikuwa na kikohozi, kwa hiyo shofere akanikalisha mbele. Masika alibaki nyuma juu ya magunia matupu, na ulikuwa msimu wa vumbi. Tulipofika, aliteremka mwekundu kuanzia nywele hadi kucha. Badala ya kumpa pole, nilicheka mpaka nikashika gurudumu nisianguke.

"Kahindo," akasema, "kuanzia leo miye sikujue. Kula na shofere yako."

"Lakini miye pia hapana juana na matofali!" nikamjibu.

Akaenda upande mmoja wa uwanja, mimi upande mwingine. Ndipo nilipofungua mfuko nikaona nina maharagi ya kulisha kijiji, na sina cha kuyapikia.

Kuazima? Kila sufuria ilikuwa motoni. Kumwendea Masika? Afadhali kufa. Wenzangu waliponiuliza mbona sipiki, nikainamisha kichwa kama shemasi, nikasema ninafunga na kuomba. Ah, mwanangu, uongo wa namna hiyo ni mbaya kuliko wote, maana watu wema wanakusaidia kuutunza. Monitrisi wetu, msimamizi wa kambi, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, aliguswa sana. Akanisimamisha mbele ya wote.

"Muone huyu mutoto! Banyinyi munafikiria tumbo tu. Yeye ameacha chakula juu ya Bwana!"

Wakanipigia makofi. Msichana mmoja mwenye huruma, aliyekuwa ananiletea kiazi cha kuchoma, akakirudisha mfukoni asije akanijaribu.

Wakati huo Masika, upande wake, alikuwa amebandika sufuria. Alikoroga, akapunguza kuni, akafunika, akafunua. Mvuke ukapanda, waliopita wakamsifu. Akaonja ncha ya mwiko. "Bado chumvi kidogo," akasema. Wote waliamini ni mboga. Mimi peke yangu kwenye uwanja ule nilijua ni maji.

Lori likapiga honi. Lilikuwa limejaa kabichi, linarudi Butembo. Nikanyakua mfuko wangu. Niliona heri mama anichape nyumbani kuliko kulala Kipese bila blanketi, nikiwa mtakatifu mwenye njaa. Nilikuwa nimeshakanyaga gurudumu ili nipande pale monitrisi aliponiuliza kwa nini naondoka. Nikasema ninakwenda kumalizia mfungo kwetu.

Hapo nikasikia kicheko. Masika alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anacheka mpaka machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso wake.

"Yeye? Afunge?" akapaza sauti. "Mama monitrisi, huyu hata kwa maombi anafunguaka jicho moja, anaangalia kama bugali inapoa! Kahindo, hapana kudanganya batu ba Mungu. Leta maharagi, njala inaniua!"

"Na weye?" nikamjibu kutoka juu ya gurudumu. "Ile maji yako imekwisha kuiva?"

Uwanja mzima ukageukia sufuria. Monitrisi akaifunua, akatazama ndani, akanitazama mimi, akaifunika tena. Kisha akaja polepole hadi kwenye lori.

"Miye nilikupigia makofi sababu sikujue," akaniambia. "Huyu anakujua. Shuka."

Nikashuka. Maharagi ya kule juu ni makaidi, yaliiva jua likizama. Tulikula, kisha Masika akanigeuzia mgongo nimsugue vumbi: beseni lake, sabuni yangu.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu, nenda kambini na rafiki yako. Marafiki wapya utawapata. Yule wa kiazi alikuwa wetu kabla kambi haijaisha, na hadi leo ananitumia viazi. Lakini mahali ambapo hakuna anayekujua, ni rahisi kujifanya mtu mwingine, na watu watakuamini mpaka ulale njaa. Uwe na mmoja anayejua kwamba ukinyamaza sana umekaribia kulia, na kwamba maji yako ni maji. Plamedi alikucheka, ni kweli. Mwambie ilikuuma. Kisha kesho motari akija, mpande pikipiki moja.

Na usihangaike kutafuta sahani na blanketi humo mfukoni. Viko kwa Plamedi. Asubuhi tulikaa kupanga mizigo yenu, mimi na bibi yake, na unajua bibi yake ni Masika yuleyule.

Mungu awatangulie barabarani, awapunguzie vumbi, awarudishe na sauti zilizokauka kwa kuimba. Na maharagi yawaivie mapema.