Siku tuliyowaficha punda wenye vidonda ili mfadhili asiwaone

Wakuu, neno lililoniponza ni moja tu: "Sawa." Nililitamka kwenye kikao cha kijiji nikiwa mwenyekiti, na mpaka leo natamani ningekataa.

Nawasalimu kutoka Uyui, si mbali na Isikizya. Mimi ni mzee, elimu yangu kidato cha nne, na haya sijayatia chumvi. Vijana wenye shikamoo zenu, marahaba.

Miaka mingi nilipeleka maji shule ya msingi kwa punda wangu jike, Mpagazi. Nilimwita hivyo kwa sababu kijiji chetu kiko kwenye njia ya misafara ya zamani, na babu yangu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo kwenye njia hiyo.

Mpagazi alikwenda kisimani na kurudi bila kuongozwa. Nikikumbuka zile asubuhi, vumbi jekundu na madumu yakigongana, roho inatulia kidogo.

Wakati wa mapumziko wanafunzi walimletea maganda ya viazi. Mmoja alikuwa haingii darasani mpaka amkune masikio. Huyo sasa ni mtu mzima, yuko Dar, ametengeneza app ya wakulima na amefanikiwa. Nitamwita Injinia.

Mwaka juzi akanipigia.

"Babu, nataka kujenga kituo cha kutibu wanyama kazi, na pembeni yake darasa la kompyuta. Nakuja na daktari wa mifugo tuone hali."

Tulifurahi, tukaitisha kikao. Hapo ndipo mtani wangu, Mzaramo aliyeoa kwetu, akasema:

"Mwenyekiti, huyu ni mtu wa mitandao. Akiupiga picha mgongo wa huyo Mpagazi wako, dunia nzima itajua Wanyamwezi mmechoka kubeba, sasa mnamalizia hasira kwa punda."

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa shida, maana ni kweli Mpagazi alikuwa na kidonda mgongoni, na niliendelea kumbebesha hivyo hivyo.

Ikapendekezwa punda wenye vidonda wapelekwe porini siku ya ugeni, wabaki wanono tu. Kwetu mgeni hufagiliwa uwanja, haonyeshwi uchafu. Nikasema sawa.

Niseme kidogo hapa. Babu yangu alinisimulia kwamba wapagazi walificha vidonda vya mabega ili wasiachwe njiani. Nilikuwa nahadithia hilo kama ushujaa.

Injinia alifika na daktari, na masanduku mawili ya dawa. Daktari akakagua punda wanane, wote wazima. Masanduku hayakufunguliwa.

Injinia akageuka kwangu. "Mpagazi yuko wapi, babu?"

"Yuko malishoni. Mzima kabisa."

Akatabasamu. "Mfikishie salamu zangu."

Baada ya wiki chache akapiga tena. Kituo kingejengwa kata nyingine, ambako daktari alikuta wanyama wanaumia kweli. "Nyinyi mko vizuri, babu. Hongereni."

Hongera ile ilinichoma. Nikamweleza ukweli wote.

Akasema: "Babu, mimi nilikuja kwa ajili ya hao mliowaficha."

Nilimwomba abadili uamuzi. Akasema kule msingi umeshachimbwa, na watu wa kule hawakumdanganya.

Mtani wangu alikuja kuniomba radhi. Nilimwambia yeye alitania tu, aliyekuwa na mamlaka ya kukataa ni mimi.

Nilichojifunza: anayekuja kukusaidia mwonyeshe panapouma, hata kama unaona aibu. Wadau, nanyi mmewahi kumfichia mtu shida aliyokuja kuitatua? Semeni, hata kunilaumu ruksa.

Mpagazi alikufa kwa kidonda kile kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Watoto wetu hawana darasa la kompyuta. Na Injinia hanipigii tena.