Mama Utaanguka

Kiwandani walimwita Mama Utaanguka, maana hakuna aliyepanda ngazi mbele yake asiambiwe neno hilo. Alikuwa amefagia humo miaka tisa. Sasa, akiwa na cheti kipya cha usalama kazini, alikuja kwenye usaili wa kazi ya msimamizi wa usalama.

Meneja alikuwa akibembea kwenye miguu miwili ya kiti. Mlangoni, mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umewekwa chini kuzuia mlango usijifunge.

"Karibu ukae, mama. Moto ukitokea, utafanya nini?"

"Nitaukimbilia mtungi, baba. Nitaukuta umeajiriwa kuwa jiwe la mlango."

Akauinua, akautundika ukutani mahali pake. Mlango ukajibamiza, pwaa! Meneja akashtuka, kiti kikayumba.

"Utaanguka!" likamtoka mama.

Akajiziba mdomo. Basi, kazi ndiyo hiyo imekwenda na maji.

Meneja, ameing'ang'ania meza kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi. "Jumatatu uanze kazi, mama. Na uanze na kiti hiki."