Barua Tatu Kutoka Kongo

Kaka yangu alipopelekwa Kongo kulinda amani, simu yake ilikuwa haipatikani wiki hata wiki. Kambi yao ilikuwa milimani, mtandao haushiki. Basi aliandika barua kwa mkono, na mwenzake yeyote aliyerudi likizo alizileta Kariakoo, dukani kwangu ninapouza vitenge. Jioni nilizipeleka nyumbani Magomeni nikamsomee mama, kwa sababu macho yake yana mtoto wa jicho.

Ya kwanza ilikuwa ndefu na ya utani. Alilalamikia baridi, na mpishi asiyejua kuunga maharage kwa nazi. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

Ya pili ilikuja baada ya Idi, ukurasa mmoja tu. Katikati aliandika: "Mashati yangu yaliyo kabatini mpeni mdogo wetu. Na viatu vyeusi pia." Niliiruka mistari hiyo, nikaenda kwenye salamu.

"Mbona umenyamaza hapo?" mama aliuliza.

"Mwandiko haueleweki, mama."

"Mwandiko wake haujawahi kumsumbua mtu," alisema, akanyoosha mkono nimpe barua. Akaiweka chini ya godoro.

Ya tatu ilikuwa na mistari minne. Kanzu aliyokuwa anashonewa ya harusi ipunguzwe imkae mdogo wetu, na mchumba wake aambiwe asingoje. Hakueleza sababu.

Nilimuuliza askari aliyeileta, "Kaka mzima?"

"Nilimwacha mzima, dada."

"Huko kukoje?"

Alitazama nje, wachukuzi wakipita na marobota. "Hema letu tulikuwa wanane," alisema. "Sasa tuko watatu." Chai niliyomwagizia aliiacha.

Kwa fundi sikwenda. Niliona nikimwambia apunguze ile kanzu, nitakuwa nimekubali jambo. Barua niliificha chini ya majora, na mama alipouliza nikamwambia hakuna iliyokuja. Siku zile kila mwenye sare aliyepita mbele ya duka nilimfuata kwa macho mpaka apotee kwenye umati.

Asubuhi moja jirani akanipigia simu. Wanaume wawili wenye sare wameketi barazani kwetu, wanasubiri. Niliichukua ile barua chini ya majora, nikafunga duka.

Nilimkuta mama amekaa mbele yao, kanga kichwani. Walikuwa wameshasema.

"Mimi nilijua," aliniambia. "Ile barua ya mashati nilimpa jirani anisomee yote."

Nikamwambia kuna ya tatu. Nikamsomea pale pale, mistari yote minne. Hakunilaumu. Alisema, "Nenda ukamwambie mchumba wake wewe mwenyewe, asije akasikia kwa watu."

Nilikwenda kwa miguu hadi Ilala. Yule binti alifungua mlango, akanitazama usoni, akakaa chini kizingitini kabla sijatamka neno.