Mwendo Pole

Wiki moja baada ya kumzika mke wangu nilirudi kazini kwenye maabara ya udongo, hapa Arusha. Kwenye mashine kulikuwa na kipande cha mwisho cha udongo wa mfinyanzi kutoka Sombetini, na mwenye kiwanja alikuwa akisubiri majibu ndipo ajenge. Nilimuuliza injinia niukandamize kwa mwendo gani. Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake:

“Pole tu, mzee.”

“Nimeshapoa,” nikasema, nikawasha kwa mwendo uliowekwa jana, ule wa haraka wa udongo wa kichanga.

Udongo wa mfinyanzi hutoa maji taratibu. Ukiukandamiza haraka, maji hukosa njia, na unachopima ni presha yake tu. Kufikia saa sita kipande kilikuwa kimeharibika.

Ningeweza kusingizia umeme. Nilimwambia injinia kwamba nilidhani amenipa pole ya msiba.

Aliinua macho. “Nilimaanisha mwendo. Ya msiba sikukupa, nisamehe. Pole sana, mzee.”



“Bado sijapoa,” nikasema.

Mchana tulirudi Sombetini kuchimba kipande kingine.